Mwanangu alichapwa kwa ugonjwa usioonekana: nilivyomtetea nyumbani, hospitali, shule na madrasa (uzi mrefu)

#1

Habarini za usiku wanajukwaa. Naandika kwa simu, watoto wamelala, mkikuta makosa mnivumilie.

Mie ni mama wa watoto watatu, naishi Tanga mjini, asubuhi nauza vitafunwa mchana nashona. Uzi huu ni wa mwanangu wa katikati, wa kiume, miaka 12, yuko darasa la sita. Jina lake sitaandika, shule yake sitaitaja, hospitali ya huku nayo sitaitaja, na msinifuate PM kuniuliza. Siku moja atakua na atayasoma haya. Nilimuomba ruhusa kabla ya kuandika, akaniambia andika mama ila usiseme mambo ya chooni. Nikamwambia ya chooni ntayagusa kidogo tu maana kuna mzazi yatamsaidia, akafikiria weee, akasema sawa, kidogo.

Ilianzia mikononi. Alikuwa darasa la nne. Ngozi ya juu ya viganja ikawa nyekundu, kwenye vifundo vya vidole kuna mipasuko inatoa damu akikunja ngumi. Mnaijua mikono ya mtu anayefua nguo za watu kutwa nzima kwa sabuni ya unga? Basi ndo ile, kwa mtoto wa miaka kumi. Zahanati wakasema fangasi tukapewa tyubu ya kupaka, ikaisha tukapewa nyingine, mie napaka yeye anaenda kunawa kwa sababu ile dawa yenyewe kwake ni uchafu.

Sabuni nayo. Kipande kilichokuwa kinatutosha wiki kikawa kinaisha siku mbili, nikamgombeza dada yake nikidhani anafua nguo za mashoga zake. Nilimuonea yule binti na nimeshamuomba radhi.

Halafu ikaja udhu. Magharibi ikiadhiniwa anaingia uani kutawadha, baba yake anaenda msikitini anaswali anarudi anamkuta bado yuko kwenye mkono wa kulia. Anaosha mpaka kwenye kiwiko, anasimama, anaangalia juu kama mtu anayekumbuka kitu, anarudi kuanza upya. Ndoo nzima ya maji inaisha. Bibi yake (mama mkwe wangu, tunaishi nae) mwanzoni alifurahi, akawa anasema huyu mjukuu wangu ana ibada. Mie nilikuwa namuona usoni, hakuwa na uso wa mtu anayefanya ibada, alikuwa na uso wa mtu anayekimbizwa.

Shuleni ndo ikawa balaa. Anaandika herufi moja, haimpendezi, anaipitia juu tena na tena mpaka peni inatoboa karatasi, ikitoboka anachana ukurasa anaanza upya, wenzake wako swali la kumi yeye yuko kwenye tarehe. Madaftari niliyonunua Januari Machi hayapo. Na kwa mwalimu mwenye watoto zaidi ya mia darasani, mtoto asiyemaliza kazi ni mvivu au jeuri, kwa hiyo akawa anachapwa. Siku moja karudi kachapwa viboko vya viganjani, juu ya ile mikono iliyopasuka. Nilipokuwa namuosha na maji ya chumvi hakulia kwa maumivu, alilia kwa sababu nimemgusa na sijanawa.

Nyumbani nako msidhani alikuwa na nafuu. Baba yake alimpiga. Mie nilificha sabuni, nikafunga na mlango wa uani, nikaja kumkuta nyuma ya nyumba anasugua mikono kwa mchanga. Hilo naliandika lilivyo kwa sababu nataka mzazi anayeficha sabuni leo hii ajue kwamba haisaidii.

Aliyetufumbua macho ni mteja wangu, nesi, anapita asubuhi kununua chapati. Aliiona mikono ya mtoto akaniuliza kitu ambacho hakuna aliyewahi kuniuliza. Akinawa anahesabu?

Usiku nikamuuliza. Akanyamaza muda mrefu. Akasema, "Saba. Nikikosea naanza tena." Nikamuuliza usipofika saba inakuwaje. Akasema, "Wewe unakufa."

Mwaka mzima mtoto alikuwa ananilinda nisife na sisi tunamchapa.

Naendelea hapo chini.

#2

Ugonjwa wenyewe wanauita OCD. Kwa maneno yangu mie: wazo la kutisha linaingia kichwani bila kuitwa, mtoto hataki kuliwaza lakini linarudi, na linakuja na sharti, fanya hivi mara kadhaa ndo mambo yatakuwa salama. Akifanya anapata nafuu ya dakika chache, kisha linarudi na sharti kubwa zaidi. Sisi Waislamu tuna neno la wasiwasi kwenye udhu na swala, wazee walilijua hili jambo zamani sana, ila tukadhani mwenye wasiwasi ni mtu wa kuchekwa. Kwa makadirio ya wataalamu, katika kila watu mia, mmoja hadi watatu hupatwa nalo kwa kiwango cha ugonjwa, na wengi linawaanzia utotoni au ujanani. Shirika la Afya Duniani linasema katika vijana wa miaka 10 hadi 19, mmoja kati ya saba ana tatizo fulani la afya ya akili, ya kila aina tukijumlisha. Sasa hesabu darasa la watoto mia lina wangapi.

Yule nesi akanipa ushauri nitakaoushukuru maisha yangu yote. Kabla hujaenda popote nunua daftari, wiki mbili andika unachokiona tu, usiandike unachokifikiria. Nikanunua kaunta buku. Naandika: Jumatatu, udhu wa Alfajiri, dakika 35. Kauliza "mama nimetakata?" mara 19 kabla ya shule. Hakunywa maji kutwa. (Hapa ndo pale pa chooni, kidogo tu: alikuwa hanywi maji toka asubuhi ili asiingie choo cha shule, na akapata maambukizi ya mkojo mara mbili. Mtoto wako akiwa hanywi maji shuleni mdadisi taratibu.) Jumanne, chozi, hesabu maswali 2 kati ya 10, viboko 3.

Hospitali ya rufaa ya mkoa ilikuwa na mambo mawili, zuri na baya. Baya ni kwamba kliniki ya afya ya akili watoto na watu wazima wanakaa benchi moja, wapita njia wanaangalia, na aliyetupokea siku ya kwanza aliongea na mie juu ya kichwa cha mtoto kana kwamba hayupo, hakusoma daftari, akaandika dawa. Mtoto alilala siku tatu, akiamka ananawa. Nilirudi. Nikasema kwa heshima, dokta naomba unisomee ukurasa mmoja tu wa hili daftari. Alisoma mmoja, akafungua wa pili, akavuta kiti. Zuri ni hilo, ni mtu aliyekubali kusoma. Akasema huyu anahitaji anayeshughulika na watoto, akatuandikia rufaa ya Muhimbili, hospitali ya taifa kule Dar.

Kwenda Muhimbili ni basi la alfajiri, nauli ya watu wawili, kulala kwa ndugu Mbagala, na mapishi ya siku tatu sijauza. Tulikwenda mara nne. Kule ndo nilimuona daktari anainama, anamuuliza mtoto mwenyewe, "Hicho kitu kinachokuamrisha tukiiteje?" Mwanangu akafikiria akasema Karani, kwa sababu kinamuandikisha upya kila kitu. Toka siku hiyo ndani ya nyumba yetu hatusemi mtoto ananawa sana, tunasema Karani leo kaja na makali. Mnaweza kuona ni kitu kidogo ila baba yake aliacha kugombana na mtoto siku ile ile, akawa na Karani wa kugombana nae.

Tiba yenyewe ni ngumu. Mtoto anakaribishwa kwenye kile anachokiogopa kidogo kidogo, halafu hafanyi kile kitendo, anakaa na ile hofu mpaka ishuke yenyewe, na inashuka. Anashika kitasa, hanawi dakika mbili. Kesho tatu. Mnapanga ngazi pamoja nae, yeye ndo anasema ipi rahisi ipi ngumu. Sehemu yangu ilikuwa mbaya kuliko zote. Kumbe kila nilipomjibu "ndiyo mwanangu umetakata" nilikuwa namlisha Karani. Natakiwa nisijibu. Jaribuni kufikiria mtoto amesimama mlangoni saa kumi na mbili asubuhi na begi mgongoni anatetemeka midomo, "mama nimetakata? mama sema mara moja tu," na wewe umeambiwa useme "hilo ni swali la Karani, silijibu," basi. Siku ya kwanza nilishindwa. Siku ya pili nilisema nikaenda jikoni nikauma kanga.

#3

Sasa shule, maana wengi wenu najua mmefungua uzi kwa ajili ya hapa.

Mara ya kwanza nilikwenda peke yangu nikalia. Mwalimu wa darasa alinionea huruma, akanipa kiti na maji, na wiki iliyofuata mtoto kachapwa tena. Huruma yake ilikuwa ya kweli, ila sikumuachia kitu cha kufanya. Mara ya pili alikwenda baba yake, akapaza sauti ofisini, na baada ya hapo walimu wakawa wanamwita mtoto "mtoto wa yule mzee." Hiyo ilitugharimu miezi.

Mara ya tatu nilijipanga.

Kwanza barua. Tulipokuwa Muhimbili nilimuomba daktari mambo mawili, barua iwe ya Kiswahili, na isiishie kwenye jina la ugonjwa, iseme mwalimu afanye nini na asifanye nini. Wazazi wenzangu nawaombeni sana lishikeni hili. Barua inayosema mtoto ana ugonjwa fulani inawekwa kwenye faili. Barua inayosema mtoto huyu akisahihisha neno akate mstari mmoja tu aendelee, hiyo mwalimu anaweza kuitumia kesho asubuhi.

Pili, sikwenda kwa mwalimu mmoja. Niliomba kwa maandishi kuonana na mwalimu mkuu, mwalimu wa darasa na mwalimu wa malezi, wote siku moja, nusu saa. Na nikaenda na shemeji yangu ambae ni mtulivu, baba watoto alibaki nyumbani kwa hiari yake mwenyewe.

Tatu, nilikwenda na maombi matatu tu. Asichapwe kwa kutomaliza kazi, kosa jingine la utundu aadhibiwe kama wenzake ila kwa njia nyingine, mikono yake ni mibovu. Afanye maswali matano pale wenzake wanapofanya kumi, na akate mstari badala ya kuchana ukurasa. Na akiomba kwenda nje kunawa apewe ruhusa mara moja kwa kipindi, ya pili anyimwe.

Hilo la mwisho ndo lilimfanya mwalimu mkuu avue miwani aniangalie. Akasema mama, wazazi wanakuja hapa kuomba watoto walegezewe, wewe unaomba tumkaze? Nikamwambia mwalimu, mkimruhusu kila akiomba mtakuwa mnaulisha ugonjwa, mie mwenyewe nyumbani namnyima. Pale ndo nikaona wananisikiliza, kwa sababu walielewa sikuja kutafuta upendeleo.

Kulikuwa na mwalimu wa nidhamu kaingia katikati ya kikao, akasema kwa uzoefu wake fimbo ndo dawa ya mambo haya. Sikutaka kufika huko ila nilikuwa nimejiandaa. Nikasema taratibu kwamba kanuni za viboko, kwa nnavyozifahamu, zinataka fimbo itolewe na mwalimu mkuu au mwalimu aliyemruhusu kwa maandishi, visizidi vinne, na viandikwe kwenye kitabu, na mwanangu kachapwa na walimu watatu tofauti ndani ya wiki moja, tarehe zipo hapa kwenye daftari. Na Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009, kifungu cha 13, inasema adhabu ya kumrekebisha mtoto isipite kiasi kwa umri wake na hali yake ya mwili na akili. Nikanyamaza. Sikutishia mtu wala sikutaja wilayani. Mwalimu mkuu akasema, "Hizo kanuni tunazijua mama, umesema vizuri."

Nikaomba tuliyokubaliana yaandikwe, wote tutie saini, na mie nibaki na nakala. Mwalimu wa malezi akaandika kwa mkono, nusu ukurasa, mhuri wa shule. Ile karatasi nimeiweka kwenye mfuko wa nailoni pamoja na cheti cha kuzaliwa.

Miezi mitano baadae kaja mwalimu mpya wa hesabu, hakuwepo kwenye kikao, mtoto karudi na alama tatu mgongoni. Safari hii sikulia wala baba yake hakwenda. Nilipiga fotokopi ile karatasi, nikampelekea yule mwalimu mwenyewe mkononi, nikamsalimia, nikasema mwalimu najua wewe ni mgeni hukuambiwa, naomba usome nikusubiri. Alisoma amesimama. Akaomba msamaha, kwangu, kisha akamuita mtoto akamuomba na yeye. Kama asingenisikiliza hatua zangu nilikuwa nazijua, mwalimu mkuu, kisha afisa elimu kata, kisha ustawi wa jamii. Sikuzihitaji.

Na kitu kingine, msilisahau suala la mahudhurio. Kuna wiki sita darasa la tano alikataa kabisa kwenda shule, hatoki kitandani mpaka sakafu ipigwe deki mara tatu. Mtoto asiyeonekana shuleni bila taarifa anaandikwa mtoro, na utoro ukifika siku 90 mnajua jina linakuwa kwenye hatari gani. Kila Jumatatu nilipeleka karatasi, mwanangu anaumwa, namba ya faili la hospitali hii hapa, na nikamuomba mwalimu anigongee mhuri kwenye nakala yangu. Jina halikufutwa. Na kama la mwanao limeshafutwa usikate tamaa, mwaka 2021 wizara ilitoa waraka wa kuwarudisha wanafunzi waliokatiza masomo kwa sababu mbalimbali, sio wale wa ujauzito peke yao kama watu wanavyodhani. Nenda kaulize.

#4

Madrasa niliiogopa kuliko shule. Kwa sababu shule naweza kusema ni ugonjwa, ila madrasa nitasemaje kwamba mtoto anatia udhu kupita kiasi, nilidhani wataniona nimekosa imani.

Nilikwenda baada ya Alasiri, nikakaa barazani kwa ustadh, mkewe akatuletea kahawa. Nikafungua daftari nikamsomea, udhu dakika 35, dakika 40, swala karudia mara tisa. Ustadh alisikiliza mpaka mwisho, akashusha pumzi, akasema, "Mama, hiyo sio taqwa, sio uchamungu, huyo mtoto anateseka. Kwa nini hukuja mapema?" Akaniambia Mtume alikuwa akitawadha kwa kibaba kimoja cha maji. Kibaba, robo ya ile pishi tunayotolea zaka ya fitri. Na kanuni ya wanachuoni ni kwamba yakini haiondolewi na shaka, ukishaosha umeosha, shaka ikija baada ya hapo haina hukumu.

Kesho yake akamwita mwanangu mbele ya kopo la plastiki la nusu lita na ushee. Akalijaza. Akatawadha yeye kwanza, polepole, mtoto anaangalia, na maji yakabaki chini ya kopo. Akajaza kopo jingine akampa, akamwambia hili ndo lako, likiisha udhu wako umetimia, na mimi ustadh wako ndo nimekupa hukumu hiyo, kama kuna dhima ni juu yangu. Mtoto mikono ilikuwa inatetemeka mpaka maji yanamwagika. Maji yaliisha hajafika miguuni. Akaanza kulia, akasema ustadh sijamaliza. Ustadh hakumuongezea. Akampangusia miguu kwa maji yaliyobaki kwenye kopo lake yeye, akamwambia simama nyuma yangu tuswali.

Nilimpigia daktari Dar kumuuliza kama tumekosea. Akasema hapana, hicho alichofanya ustadh ndo kile kile tunachokifanya sisi, na kwa mtoto wako kitashika zaidi kwa sababu kimetoka kinywani mwa anayemuamini. Wakaongea kwa simu wao wawili, daktari Mkristo na ustadh wa madrasa, wanapanga kopo lipungue lini na nani amwambie. Mie nimesimama pembeni nimeshika simu. Sijui niwaelezeje nilivyojisikia.

Bibi yake ndo alikuwa wa mwisho. Alisema tunamuendekeza, alisema mambo ya Wazungu, alitaka tumpeleke kwa mtu Pangani. Sikubishana nae mbele ya watoto. Nilimpa kazi, kwamba yeye ndo awe mlinzi wa kopo. Kila udhu anakaa kwenye kigoda uani na kopo mkononi, likiisha anasema "basi, twende." Sasa hivi ukimwambia mjukuu wake ana mapepo unaweza kutolewa nje na fagio.

#5

Nimesoma maswali, nitajibu niliyonayo majibu.

Aliyesema ni jini, nitafute wa kusoma. Sikatai dua, ustadh wetu anamsomea na mwenyewe nasoma. Nilichokataa ni kufukizwa, kufungwa, kupigwa na kuachishwa dawa. Msomaji akikwambia uache dawa ya hospitali ili kisomo kifanye kazi, shika mkono wa mwanao ondoka.

Aliyeuliza dawa za akili si zinamfanya mtoto zezeta. Ile ya kwanza ya huku ilimlaza kweli na nilirudi kulalamika, ni haki yako kurudi. Anayotumia sasa ni fluksetini, hawakumuanzishia kipimo kikubwa, walianza kidogo. Haifanyi kazi kesho, tulisubiri karibu wiki sita. Na daktari alinionya wiki za mwanzo nimuangalie kwa karibu, akibadilika ghafla, hasira, kukosa utulivu, maneno ya kutaka kufa, nipige simu siku hiyo hiyo. Na msikatishe ghafla mkiona kapata nafuu. Hayo ni ya mwanangu, ya wako akuandikie daktari wake.

Aliyesema hana nauli ya Dar. Nakuelewa mno. Anza hospitali ya wilaya au ya mkoa, ulizia msaikolojia au nesi wa afya ya akili kwa jina hilo hilo, wakati mwingine yupo na hujaambiwa. Hospitali kubwa zina ofisi ya ustawi wa jamii, ndo inayoshughulikia misamaha ya wasio na uwezo, pita pale kabla hujarudi nyumbani bila huduma. Wakikupa rufaa omba hospitali ya huku ibaki inamfuatilia, sisi siku hizi tunakwenda Dar mara moja kwa miezi sita, dawa tunachukulia hapa.

Baba aliyeandika kuhusu binti yake wa miaka 15 anayejikata mikono. Kaka yangu, yako usisubiri daftari la wiki mbili. Nenda hospitali leo, dirisha la dharura, hata usiku. Dawa, sumu ya panya, nyembe, viondoe ndani, asilale chumba peke yake, na usimgombeze wala usimuapishe kwamba hatorudia. Muulize wazi kama anawaza kufa, kumuuliza hakumtii wazo. Kuna namba 116 ya huduma kwa mtoto, unapiga bure, na yeye mwenyewe anaweza kupiga bila wewe kuwepo. Nimekutumia PM, nijibu tafadhali.

Mwalimu aliyeandika kwamba tunawalaumu walimu. Mwalimu shikamoo, na sikulaumu. Watoto zaidi ya mia, chumba kimoja, mshahara mnaujua. Ndo maana nasema mzazi aje na karatasi nusu ukurasa, mwalimu hana muda wa kusoma kurasa kumi. Yule mwalimu wa darasa aliyenipa maji siku nimelia, leo ndo anayeninong'oneza mtoto akianza kurudi nyuma, kabla hata mie sijaona.

Na mmeuliza kama kapona. Kuna wiki nzuri na kuna wiki Karani anarudi na nguvu, hasa kukikaribia mitihani. Udhu sasa ni dakika saba. Madaftari yanafika mwisho wa muhula. Mikono imefunga, zimebaki alama nyeupe.

#6

Nimerudi, kuna jambo nilisahau na linatukabili.

Mwakani ni darasa la saba. Mnazijua zile fomu za kujibia, vimviringo vidogo unasiliba kwa penseli, ukikosea unafuta vizuri usichafue karatasi. Kwa mwanangu ile karatasi ni kama imetengenezwa na Karani mwenyewe. Alipowaona darasa la saba wanazifanyia mazoezi alirudi nyumbani hakula.

Nimeshaomba miadi na mwalimu mkuu tuulize mapema nini kinawezekana, nataka tuulize mwaka huu, sitaki kuja kuhangaika wiki ya mtihani. Kama kuna mzazi au mwalimu aliyewahi kumuombea mtahiniwa mwenye shida ya aina hii aniambie alianzia wapi.

Huku nyumbani tumeanza ngazi mpya. Dada yake anachora vimviringo kwenye karatasi kwa kutumia kifuniko cha peni, kumi kumi. Sheria ni moja, hakuna ufutio mezani. Wiki iliyopita alifanya vitatu akainuka. Juzi vitano.

Leo baada ya Isha kafika cha tisa, penseli ikateleza, ikatoka nje ya mstari, kialama kidogo tu kama mguu wa sisimizi. Akaganda. Bibi yake akaacha kukuna nazi. Mtoto akaniangalia akasema, "Mama, hii iko sawa?"

Sikujibu.

Akaangalia karatasi, akaniangalia tena, akavuta pumzi, akasiliba cha kumi.